Neti ikizingua usikimbilie kuzima ruta, soma kwanza daftari la NAT

Wadau habari zenu. Leo naongea na mafundi wenzangu wa hapa Dar, hasa nyie mnaoangalia mitandao ya hosteli, apatimenti, maofisi madogo na zile wifi za vocha za mtaani. Kuna kitu kinawatesa watu bure. Neti ikigoma saa 2 usiku jibu la kila mtu ni zima washa, na kweli ukizima ukawasha inarudi, mteja anafurahi, unaondoka, kesho yake saa 2 usiku imegoma tena, mwisho mteja anaambiwa aongeze kifurushi analipa hela nyingi zaidi na bado inagoma vilevile. Mi msimamo wangu ni kwamba ukizima ruta kabla hujaangalia ndani umefuta ushahidi wote, na ushahidi wenyewe mara nyingi uko kwenye NAT, yani ile kazi ya ruta ya kubadilisha anwani za ndani ziwe anwani moja ya nje.

Kwa ambao ndo mnaanza, anwani za ndani kama zile za 192.168 na za 10 haziendi kwenye intaneti, zilitengwa kwa matumizi ya ndani tu kwenye waraka wa viwango vya intaneti, RFC 1918 wa mwaka 1996. Kwa hiyo hosteli nzima inatoka nje kwa anwani moja, na ruta inafanya kazi kama mlinzi wa geti mwenye daftari la wageni, anaandika nani katoka, kaenda wapi, kwa poti gani (namba ya mlango), ili jibu likirudi ajue alipeleke kwa nani. Kwenye Linux daftari hilo linaitwa conntrack, na ruta za MikroTik ndani yake ni Linux kwa hiyo habari ni ileile. Matatizo mengi ya NAT ninayoitiwa ni ya daftari, sheria zenyewe ziko sawa kabisa.

Sasa daftari lina kikomo. Likijaa, koneksheni mpya haiandikwi, paketi (kipande cha data) inatupwa. Zile ambazo zishaandikwa zinaendelea kama kawaida, na hapo ndo dalili yake ilipo na ni dalili nzuri sana ukiijua: anayechati anaendelea kuchati, aliyekuwa anaangalia video inaendelea, ila ukifungua ukurasa mpya hakuna kitu. Ping iliyokuwa inakimbia toka mwanzo inapita, ukifungua ping nyingine pembeni kwenda anwani ileile inakwama. Ukiona hivo acha kabisa kuongelea kifurushi.

Kuna hosteli moja ya wanafunzi kule Changanyikeni naihudumia, mama mwenye hosteli alinipigia usiku, "Mwanangu njoo, watoto wamejaa mlangoni wanataka hela yao ya wifi." Nikamwambia shikamoo mama, nakuja, naomba tu mtu yeyote asiguse swichi ya ruta. Nilipofika kitu cha kwanza ni amri hii, inaonyesha mistari iliyopo na kikomo chake:

sysctl net.netfilter.nf_conntrack_count net.netfilter.nf_conntrack_max

Namba ya kwanza ilikuwa imegusa ya pili, na ukisoma dmesg (kumbukumbu za mfumo) imejaa mstari ule wa "nf_conntrack: table full, dropping packet". Kwa watu wa MikroTik ni /ip firewall connection tracking print, angalia total-entries na max-entries.

Hapo mafundi wengi wanaongeza kikomo wanaaga. Jamani msiage, uliza kwanza nani kalijaza, hesabu mistari ya kila anwani ya ndani:

conntrack -L | grep -o 'src=192\.168\.[0-9.]*' | sort | uniq -c | sort -rn | head

Siku ile anwani moja ilikuwa imewaacha wenzake mbali mno. Nikafuata waya wake, ikawa ni ile mashine ya kurekodia kamera za CCTV iliyofungwa juu ya kabati la ofisi, nenosiri lake bado lile la kiwandani. Mistari yake kwenye daftari yote inafanana, SYN_SENT (ombi la kufungua koneksheni limetumwa), [UNREPLIED] (halijajibiwa), poti 23 ya telnet (njia ya zamani ya kuingia kwenye kifaa kwa mbali), anwani za dunia nzima. Yani inabisha hodi kwa watu isiowajua. Ni tabia ileile ya virusi vya Mirai vilivyotikisa dunia mwaka 2016, vinaingia kwenye makamera na virekodi vyenye nenosiri la kiwandani afu vinatafuta vingine kupitia telnet.

Pigeni hesabu hapa kwa sababu ndo kiini chenyewe. Linux inaweka mstari wa SYN_SENT kwa sekunde 120 ikisubiri jibu. Kifaa kikitoa hodi 300 kwa sekunde, ambazo ni data ndogo sana huwezi hata kuiona kwenye grafu ya kasi, kinashikilia mistari 36,000 muda wote. Ruta yenye kikomo cha 16,384 haina pa kuponea. Ndo maana kasi inaonekana ipo, kifurushi kipo, na neti haipo. Nilichomoa waya wa kile kirekodi na ndani ya dakika 2 namba ikashuka yenyewe bila kuzima chochote. Baada ya hapo ndo unafanya mengine, kukisafisha na kubadili nenosiri, kukitenga kwenye VLAN yake (mtandao wa pembeni) kisitoke nje, na kuweka connlimit (kikomo cha koneksheni) ili anwani moja ya ndani isiweze kula daftari zima.

Kuongeza kikomo siyo vibaya kama RAM ipo. Mstari mmoja unakula kama baiti 300 hivi, kwa hiyo 65,536 ni kama MB 20, ruta nyingi za sasa zinaweza. Ila ukiongeza kikomo angalia na nf_conntrack_buckets (idadi ya mafungu ya daftari) iende sambamba, la sivyo CPU inahangaika kutafuta mstari kwenye foleni ndefu.

Kitu kingine kinachojaza daftari hapa kwetu ni umeme. Linux kwa kawaida inatunza koneksheni ya TCP iliyokubalika kwa sekunde 432,000, hizo ni siku 5. Ruta iko kwenye UPS, umeme unakatika, komputa zote za ofisi zinakufa bila kuaga, mistari yake inabaki siku 5 ikisubiri watu ambao hawarudi. Umeme ukirudi zinafunguliwa mpya juu ya zile za zamani. RFC 5382 inasema NAT isiende chini ya saa 2 na dakika 4, kwa hiyo mi naweka sekunde 7440 kwenye nf_conntrack_tcp_timeout_established na sijawahi kuletewa lalamiko. Msishuke chini ya hapo kisa mnataka daftari dogo, mtakata SSH (kuingia seva kwa mbali) na database za watu zilizotulia tu kidogo. Kwa upande wa UDP (data isiyofungua koneksheni kwanza kama TCP) muda ni mfupi, ndo maana VPN za watu wanaofanya kazi nyumbani zinakufa kimyakimya wakienda kunywa chai, kwenye WireGuard (aina ya VPN) weka PersistentKeepalive = 25 na hiyo kesi inaisha.

Sasa kuna hili la kubadilisha sheria, limenipotezea vijana wengi ninaowafundisha. Kijana anabadilisha sheria ya NAT, anajaribu, haifanyi kazi, anabadilisha tena, anaweka nyingine juu, mwisho kuna sheria kumi hajui ipi ni ipi. Kumbe ya kwanza ilikuwa sahihi. Jedwali la nat linaangaliwa na paketi ya kwanza tu ya kila koneksheni, zinazofuata zinasoma daftari. Kwa hiyo ukibadilisha sheria, koneksheni za zamani zinaendelea na uamuzi wa zamani, na kile kihesabio cha iptables (zana ya sheria za Linux), iptables -t nat -L -n -v, kinahesabu koneksheni wala hakihesabu paketi zote, usishangae kuona 14 wakati mtu kashusha filamu nzima. Ukibadilisha sheria futa mistari ya yule unayemjaribia tu, conntrack -D -s anwani yake, afu jaribu upya. Siyo conntrack -F, hiyo inafuta daftari zima, na saa 5 asubuhi ofisini utakuwa umewaharibia watu kazi.

Na hapo hapo ndo kuna ule ugonjwa wa ofisi zenye laini mbili, faiba na 4G ya akiba. Faiba inakatika, njia inahamia 4G, kila kitu kinarudi isipokuwa simu za mezani za SIP (zinazopita kwenye intaneti). Zile simu zinatuma UDP kila baada ya sekunde chache kwa hiyo mstari wake haufi, na mstari bado una anwani ya faiba, paketi inatoka kwenye 4G imevaa anwani isiyo ya kwake, jibu haliji milele. Mtu akizima ruta zinapona, anaamini ruta ni mbovu. Dawa ni skripti inayofuta mistari yenye anwani ya zamani kila njia ikibadilika. Na kama anwani unayopewa na mtoa huduma inabadilika badilika tumia MASQUERADE, inayosoma yenyewe anwani ya nje iliyopo, SNAT ambayo anwani unaiandika mwenyewe iache kwa wenye anwani ya kudumu.

Port forwarding (kufungua poti ya nje iingie kwenye kifaa cha ndani) nitasema kwa kifupi ila kwa msisitizo, kwa sababu inahusu hela za watu. Kabla hujamwambia mwenye duka Kariakoo kwamba ataona kamera zake akiwa safarini, angalia anwani iliyoko upande wa nje wa ruta. Ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, uko nyuma ya NAT ya mtoa huduma mwenyewe, hiyo ndo CGNAT, na sheria yoyote utakayoweka kwako haitasaidia. Kosa siyo la ruta wala lako, anwani za IPv4 zimekwisha, AFRINIC ambao ndo wanazigawa Afrika waliingia hatua ya mwisho ya mgao Januari 2020. Mteja alipie anwani ya umma kama mtoa huduma anauza, au ukodi seva ndogo nje umtengenezee handaki la WireGuard. Mwambie ukweli kabla hajalipa.

Na siyo kila kitu ni NAT. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, ungezima ruta yako mpaka kidole kiume. Ukiona daftari lina nafasi, ping ya geti la mtoa huduma inapita, na mizunguko ya CPU iko chini, mpigie mtoa huduma na namba zako mkononi. Kama tovuti chache ndo zinakwama na nyingine zinafunguka, na unatumia PPPoE (kuunganishwa kwa jina na nenosiri la mtoa huduma), angalia MSS (ukubwa wa data ndani ya paketi ya TCP), MTU (ukubwa wa paketi nzima) pale ni 1492 kwa hiyo MSS ibanwe 1452.

Kwenye matunzo ya kila siku, kila sheria iandikiwe sababu yake kwenye comment, maana wewe ukisafiri atakuja fundi mwingine. Usipakie faili la nftables (mfumo mpya wa sheria za Linux) bila kulijaribu na nft -c -f kwanza. Kwenye MikroTik bonyeza Ctrl+X uingie safe mode kabla hujagusa ruta iliyoko Mbagala wewe ukiwa Tegeta, ukijifungia nje inarudisha yenyewe. Kama seva yako ilipandishwa toka Debian (aina ya Linux) za zamani, endesha na iptables-legacy -t nat -L, kuanzia Debian 10 iptables inaandika kwenye nftables na nimekuta seva zenye seti mbili za sheria zinavutana. Na kama hiyo mashine ina Docker (inayoendesha programu ndani ya kontena) usithubutu nft flush ruleset, inayofuta sheria zote, Docker inaweka sheria zake za NAT humohumo na kontena zote zitakosa neti.

Masasisho nayo mnayaogopa bila sababu. Lile tundu la Winbox (programu ya kuendeshea MikroTik) la mwaka 2018, CVE-2018-14847, rekebisho lilitoka Aprili na miezi kadhaa baadae ruta duniani kote zilikuwa bado zinaingiliwa kwa sababu hakuna aliyezigusa. Ingia leo kwenye ruta za wateja wako, toa /export (nakala ya mipangilio) uhifadhi pembeni, funga poti 8291 ya Winbox upande wa nje, afu sasisha usiku wakiwa wamelala.