Hesabu Miguu Kwanza: kwa kocha anayepeleka timu ya taifa ya polo ya majini mashindanoni

Umeitwa. Pengine si kocha mkuu, umeitwa msaidizi, au mtu wa video, au umeambiwa tu "njoo utusaidie." Mimi nilianza hivyo hivyo. Nilikuja Budapest kusoma sayansi ya michezo kwa ufadhili wa serikali ya Hungaria, mtoto wa Mombasa aliyejifunza kuogelea kwa kujirusha baharini kutoka ukutani, na polo ya majini nilikuwa nimeiona kwenye televisheni tu, wakati wa Olimpiki. Kule mchezo huu unapendwa kama kandanda kwetu. Wanaume wao wana dhahabu 9 za Olimpiki, na hata theluji ikianguka utawakuta watoto kwenye bwawa la wazi, mvuke unapanda, vichwa vinaonekana na kupotea. Miaka mitatu nilibeba mipira na magoli ya klabu. Ndipo timu moja ya taifa ya wanawake, ndogo, isiyo na pesa ya kulipa mchambuzi, ikatafuta mtu anayejua kompyuta na asiyelalamika akilazwa chumba kimoja na mizigo. Timu yenyewe sitaitaja. Tulikwenda mashindano ya dunia, na mengi niliyajua nikiwa nimeshachelewa.

Jioni ya kwanza hotelini, kocha mkuu, mzee mkavu wa maneno, alibandika ratiba mlangoni kwa utepe wa kufungia vidole. Akanipa kalamu nyekundu. "Mechi yetu ni ipi?" Nikaonyesha ya kwanza, si ndiyo ya kesho? Akaninyang'anya kalamu.

Ratiba yenyewe ilikuwa hivi. Timu 16, makundi manne ya timu nne nne. Wa kwanza wa kundi anakwenda robo fainali moja kwa moja. Wa pili na wa tatu wanacheza mchujo kutafuta nafasi hiyo. Wa nne anatupwa kule chini, kugombea nafasi ya 13 hadi 16. Sisi tulipangwa na vigogo wawili na timu moja ya kimo chetu, na hiyo ya kimo chetu tulikutana nayo mechi ya tatu. Mzee akaizungushia duara. "Hii ndiyo yetu. Zile mbili ni mazoezi yenye watazamaji."

Nilimwona mtu wa kukata tamaa. Nilikuja kumwelewa baada ya kuwaangalia wachezaji wakishuka basi siku ya nne, wakizishika nguzo za mlango kama bibi zangu.

Huu mchezo unachezwa kwa miguu, ingawa goli linafungwa kwa mkono. Maji yana kina cha karibu mita 2 na, ukiacha kipa kwenye eneo lake, hakuna anayeruhusiwa kusimama chini, basi mchezaji anakanyaga maji muda wote: kila mguu unazunguka duara lake, wa kulia huku, wa kushoto kule, goti juu, nyonga wazi. Vipindi ni 4 vya dakika 8, ila saa husimama kila mpira ukifa, kwa hiyo mechi inakula saa nzima na ushei. Ndani ya muda huo senta wako, mshambuliaji anayekaa mbele ya goli la wapinzani, amebeba mgongoni beki mwenye kilo nyingi kuliko yeye, wanasukumana mbele ya goli, refa akiona nusu tu ya yanayotendeka chini ya maji. Mkono ukichoka, mtu hukosa shabaha. Miguu ikichoka, anazama sentimita kumi, na kwenye mchezo ambao goli lina kimo cha sentimita 90 juu ya maji, hizo kumi ndizo kipa anazozihitaji.

Miguu hiyo hairudi kwa usingizi wa usiku mmoja. Ndiyo maana kocha wa klabu anaweza kufikiria mechi ya Jumamosi, lakini kocha wa mashindano ana mfuko mmoja wa miguu kwa wiki mbili na kazi yake ni kujua atautumbua wapi.

Watazame wanaume wa Serbia kwenye Olimpiki. Rio 2016 walitoka sare na Hungaria, wakatoka sare na Ugiriki, wakafungwa na Brazil 6–5. Gazeti lolote lingewazika. Wakachukua dhahabu kwa kuifunga Croatia 11–7. Paris 2024 wamefungwa na Australia 8–3 makundini, wamepenya robo fainali kwa bao moja, 12–11 dhidi ya Ugiriki, na mwisho wake dhahabu tena, ya tatu mfululizo. Sisemi walipoteza makusudi. Hakuna anayependa kufungwa na Australia mabao 8. Nasema timu ile haikujengwa iwe kali Jumamosi ya kwanza. Na usisahau upande wa pili wa ile mechi ya Rio: kwa Brazil, wenyeji, kupata sare au ushindi mmoja mbele ya kigogo ndiko kulikokuwa kila kitu, na benchini mwao alikuwepo Ratko Rudić, mtu aliyeshinda dhahabu 4 za Olimpiki akiwa na nchi tatu tofauti: Yugoslavia, Italia na Croatia. Yeye alijua siku gani ya kumwaga mfuko wote.

Sasa, hapa mimi na mzee hatukubaliani mpaka leo. Mechi ya pili alimchezesha senta wetu kipindi kimoja tu, akamweka benchini na taulo begani. Tukafungwa mabao zaidi ya 20. Hesabu ilikuwa sawa. Kosa ni kwamba hakuwaambia wachezaji kabla. Walijiona wametupwa. Kipa wetu alivua kofia yake nyekundu, akakaa ukingoni miguu majini, akauliza bila kumtazama mtu: "Kwani mimi ni chambo?" Sikuwa na jibu. Kama unapanga kuitumia mechi kwa mazoezi, wape kitu cha kushinda ndani yake. Mwambie kipa: leo nataka mikwaju ya kutoka mita 6 kwenda mbele, ile ya karibu niachie mimi lawama. Waambie mabeki: leo tunahesabu mara ngapi senta wao amepokea mpira uso ukiangalia goli. Wakitoka majini, msome namba hiyo, acha ubao wa matokeo. Tokyo, timu ya wanawake ya Afrika Kusini, ya kwanza ya wanawake kutoka Afrika kucheza polo ya Olimpiki, ilifungwa na Uholanzi 33–1. Mimi hufikiria lile bao moja. Kuna mtu alilifunga, na asubuhi yake kuna kocha aliyetakiwa kuwaamsha wajiandae kwa mechi nyingine.

Simu kutoka nyumbani zitaingia. Mkubwa fulani alitupigia saa sita usiku kuuliza kama tulikwenda kutalii. Simu hizo ni kazi ya kocha mkuu na meneja. Wewe msaidizi usizijibu, na usizisimulie mezani wakati wa chai.

Video. Mimi nilikuja na picha na mishale mingi kama ramani ya vita, dakika 50. Dakika ya 15 wawili walikuwa wamelala kwa uaminifu kabisa. Nikapunguza mpaka 12, na mpaka leo sizidishi. Ndani ya hizo 12 weka vitu vinne tu. Mwenye mkono wa kushoto yuko wapi, maana huyo ndiye anayefungua upande wa kulia wa shambulizi, na timu nyingi zina mmoja au hazina. Senta wao anageukia bega lipi. Kipa wao anaanza kupanda kabla ya mpira kutoka mkononi au baada. Na wakiwa sita kwa watano, yaani mmoja wetu ametolewa, wanapiga mpira wa mwisho kutoka wapi.

Hilo la sita kwa watano ulipe muda kuliko yote. Mchezaji akifanya kosa kubwa anatolewa, wakati ule ilikuwa sekunde 20, na mabao mengi ya mashindano makubwa yanapatikana hapo. Timu ndogo hujifunza mipango saba na kuikumbuka nusu. Fundisha miwili. Mmoja wa wanne mbele na wawili nyuma, mwingine wa dharura, wa pasi tatu na kupiga. Rudieni mpaka waweze kuucheza wakiwa wamekasirikiana. (Na chapisha kitabu cha sheria cha mwaka huo huo. Urefu wa bwawa, saa ya shambulizi, muda wa kutolewa, vyote hivi huguswa kila baada ya miaka michache, na kocha mzoefu ndiye anayenaswa, kwa sababu anadhani anavijua.)

Nije kwenye aibu yangu. Mchezaji akifikisha makosa makubwa matatu, kwake mechi imekwisha. Anayeyakusanya haraka ni beki wa senta, kazi yenyewe ni ya kukumbatia mtu. Mechi yetu ile ya duara jekundu nilipewa kazi mbili: video, na karatasi ya makosa. Kipindi cha tatu, tunaongoza kwa bao moja, kompyuta ikaganda. Nikainama kuihangaikia. Beki wetu bora akapata la pili na mimi niko na nyaya. Mzee akanigeukia, "Ana ngapi?" Nikatazama karatasi, nikasema moja. Akamwacha. Dakika haikuisha, kipenga, na kwenye meza ya waamuzi kikainuliwa kibendera chekundu. Yule binti aliogelea polepole kuja ukingoni akinitazama mimi, si kocha. Yeye alikuwa anajua hesabu yake. Aliyeingia badala yake hakuwahi kumkaba senta wa kimo kile hata mazoezini. Tukapoteza kwa mabao mawili.

Tangu siku hiyo siweki makosa kwenye kompyuta wala karatasi. Nayaandika kwa kalamu ya wino mkononi, kuanzia kwenye kifundo kwenda kwenye kiwiko, namba ya kofia na vijiti. Mkono haugandi. Na mtu wa makosa asipewe kazi ya pili, hata kushika chupa. Jambo la pili nililolipata pale: andaa watu watatu wa kumkaba senta, sio mmoja na nusu. Wa tatu awe hata mpiga mikwaju wako, ajue tu kukaa mbele ya mtu dakika mbili bila kutolewa.

Waamuzi usibishane nao. Dakika tano za kwanza zinakuonyesha leo wanapiga kipenga kwa kushika mkono au kwa kuzamisha tu. Waambie wachezaji kwenye mapumziko ya kwanza, muendelee. Kocha anayefoka hupewa kadi, na akipata nyekundu timu inabaki na wewe.

Na inaweza kubaki na wewe kwa sababu nyingine yoyote. Kabla tu ya Rio 2016, kocha wa wanawake wa Marekani, Adam Krikorian, alifiwa na kaka yake. Akarudi nyumbani, timu ikabaki na wasaidizi, akarejea, wakachukua dhahabu. Wasaidizi wale walijua kila kitu kilipo. Muulize kocha wako mapema: ukiondoka leo, nani anaomba taimauti, nani anasema na kipa? Ataona unamchuria. Uliza tu.

Chakula sitasema mengi. Wali na kuku mweupe watauchukia siku ya tatu, beba pilipili. Usibadilishe kitu tumboni siku ya mechi.

Kucha ndizo nisizoweza kuziruka. Kabla ya mechi waamuzi hukagua wachezaji mmoja mmoja, mikono mbele, na hupitisha kidole juu ya kila kucha kama mama anayepima unga. Winga wetu alikuwa ametoka harusini kwa dada yake na kucha za jeli, ndefu, zinang'aa, kila mtu amezisifia kwenye ndege wiki nzima. Zimebaki dakika 18, mwamuzi akatikisa kichwa. Zile kucha hazikatiki kwa meno. Tulimzunguka watu watatu na tupa ya kucha ya kuazima, vumbi la waridi likimwagika kwenye vigae, yeye analia kwa kucheka.

Tulipotupwa kule chini, mechi ya kugombea nafasi ya 13 ilipangwa asubuhi, saa tatu kasoro. Jukwaani walikuwepo wasafishaji na wazazi wachache. Hizi ndizo mechi ambazo hakuna anayekufundisha. Mzee alizungumza maneno machache kuliko siku zote: kila mmoja achague mtu mmoja kwenye benchi ambaye atacheza kwa ajili yake. Basi. Kipa wa akiba, kofia namba 13, ambaye siku zote alikuwa anawashikia wenzake mataulo, akaanza golini. Kipa mkubwa ndiye aliyemshikia taulo. Nilikuwa na vijiti mkononi mpaka karibu na kiwiko, na beki wetu, yule yule, kila akipita ukingoni ananiinulia vidole kunionyesha ana mangapi, endapo nimesahau.

Tulimaliza wa 14. Kikata kucha beba vitatu: kimoja kitapotea, kimoja ataazima mpinzani na hatarudisha.