Fizi zangu zilikuwa hazitoi damu, kumbe ndo tatizo lenyewe

Nimevuta sigara miaka 14 na muda wote huo kuna kitu kimoja nilikuwa najisifia, fizi zangu hazitoi damu. Wenzangu wanapiga mswaki wanatema mate mekundu, mi natema povu jeupe tu. Nikajua basi mdomoni niko fiti, ile rangi ya njano nikaiona ni suala la urembo tu, ntatafuta dawa ya meno ya kung'arisha yaishe.

Kilichonipeleka kwa daktari wa meno ni gego moja la chini lilianza kucheza. Haliumi, halijatoboka, ila ukilisukuma kwa ulimi linaitika. Daktari akachukua kale kachuma kembamba kenye alama za milimita akawa anakapitisha kati ya jino na ufizi huku anamsomea msaidizi wake namba, tatu, tatu, sita, tano, saba. Nikauliza hizo namba za nini. Akasema kwenye ufizi mzima kachuma kanaingia milimita 1 mpaka 3 kanagota, ukiona 4 kwenda juu ujue ufizi umeshaanza kuachana na jino pakawa na mfuko, na humo ndo bakteria wanajificha, mswaki haufiki, na mfupa ulioshika jino unaliwa kimya kimya. Nikambishia, mbona sijawahi kuona damu hata siku moja? Akacheka kidogo, akasema sigara ndo imekuficha.

Yaani iko hivi, ufizi ukiwa na shida kwa kawaida unajaa damu, unavimba, unakuwa mwekundu, ukiugusa tu unavuja, na hapo mtu anashtuka anaenda hospitali. Sasa nikotini inabana ile mishipa midogo ya damu, kwa hiyo ufizi wa mvutaji unaweza kuwa umepauka umekakamaa, ukiuangalia kwenye kioo unaona mzima kabisa wakati chini yake kunaoza. Na damu hiyo hiyo inayobanwa ndo inatakiwa ilete kinga na oksijeni ya kuponyesha, ndo maana mvutaji ana hatari kama mara 2 ya kupata ugonjwa wa fizi kuliko asiyevuta, na hata akitibiwa hapati nafuu vizuri kama mwenzake.

Gego likang'olewa. Hapa nisikilizeni vizuri manake ujinga niliofanya sitaki mtu aurudie, jioni ile ile ganzi ilivyoisha nikawasha sigara. Siku ya 3 nikaamka na maumivu yanayotoka kwenye taya yanapanda mpaka sikioni, na harufu mdomoni ambayo hata mwenyewe niliisikia. Kumbe jino likitoka, lile tundu linazibwa na donge la damu, ukivuta unalifyonza linatoka, mfupa unabaki wazi. Kwa hiyo hata kama huna mpango wowote wa kuacha sigara, ukishang'oa jino vumilia angalau siku 3 za mwanzo, arosto ya kukosa sigara inauma ndio lakini haifiki robo ya maumivu yale.

Harufu sitaongea sana. Moshi unakausha mate, na mate ndo yanasafisha mdomo siku nzima, kwa hiyo chingamu na pipi za minti unafunika tu kwa dakika chache. Mtu wako wa karibu hatakwambia, utaona tu siku hizi anakupa shavu.

Zile dawa za kung'arisha nazo mi zilinipa hasara, nilisugua kwa nguvu mpaka meno yakawa yanashtuka na maji ya baridi na njano bado ipo. Nenda ukakwanguliwe ukoga kliniki, ule ulioshika kama saruji mswaki hauutoi hata ukinunua mswaki wa namna gani.

Kingine, simama kwenye mwanga angalia ndani ya mashavu, chini ya ulimi na pembeni mwa ulimi. Ukikuta baka jeupe au jekundu ambalo ukilifuta halitoki, au kidonda kimepita wiki 2 hakijapona, nenda kaonane na daktari hata kama hakiumi. Saratani ya mdomo mwanzoni mara nyingi haiumi, na kama unachanganya sigara na pombe hatari haijumlishwi, inazidishwa.

Mwishowe niliacha. Wiki ya 2 napiga mswaki naona sinki limekuwa jekundu, nikachanganyikiwa, nikawaza si bora nilivyokuwa navuta? Nilikuwa nimeshika viatu niende kununua paketi, kweli tena. Nikampigia daktari, akaniambia tulia, damu imeanza kurudi kwenye fizi, sasa ndo zinasema ukweli, endelea na mswaki laini na uzi wa meno usiogope. Baada ya wiki kadhaa, na kukwanguliwa mara 2, ikapungua yenyewe.

Mfupa uliokwisha haurudi kama ulivyokuwa, hilo alinipasulia wazi. Ila safari iliyopita palipokuwa 7 pamesoma 4. Jino la jirani na pengo ndo bado liko kwenye 5, ntaenda kulipimisha tena mwezi ujao.