Jibu: Slaidi 60 kwa semina ya dakika 75?

Umeuliza kama slaidi 60 zitakutosha kuwasilisha utafiti wako kwa dakika 75. Ni nyingi mno, ndugu. Kwenye semina za uchumi watu hawangoji mwisho ndipo waulize. Wanakukatiza tangu mwanzo, na maswali huweza kula theluthi ya muda wako. Andaa 30 hadi 35. Zinazobaki zipeleke kwenye kiambatisho, kila moja na kitufe cha kuirukia na cha kurudi ulipokuwa.

Kinachoangusha wengi ni kuchelewesha matokeo. Mtu anamaliza dakika 20 kwenye mapitio ya maandiko, kisha anafika kwenye jedwali kuu muda umekwisha. Ndani ya dakika 10 za kwanza taja swali lako, data, mbinu na jibu lenyewe kwa tarakimu: "mishahara ilipanda kwa asilimia 4", si "athari ni chanya". Mapitio yapewe slaidi moja, basi.

Kama unatumia mbinu ya tofauti katika tofauti (kulinganisha mabadiliko ya kundi lililoguswa na sera na ya kundi lisiloguswa), grafu ya mienendo ya makundi mawili kabla ya sera itangulie jedwali la regresheni (makadirio ya kitakwimu ya athari), maana hapo ndipo watakapokubana kwanza. Jedwali lipunguze libaki na safuwima 3 au 4, makosa sanifu (kipimo cha kutokuwa na uhakika wa makadirio) kwenye mabano.

Ukiulizwa jambo lililo kwenye slaidi zinazofuata, jibu kwa sentensi moja kisha endelea. Ukisema tu "nitafika huko", watauliza tena. Na mwombe mwenzako akuandikie maswali yote utakayoulizwa, kwa sababu ukiwa mbele hutayakumbuka.