Ukiunda Mashine ya Kuvuta Magogo, Anza na Udongo

Mafundi wengi wanaoniomba ushauri juu ya trekta la kuvuta magogo katika mashamba ya misindano ya Mufindi, mkoani Iringa, Tanzania, huanza na nguvu za injini, kisha winchi (roda ya kuvutia gogo kwa waya), na tairi hufikiriwa mwisho kabisa, kutegemea zilizopo dukani. Nashauri mpangilio huo ugeuzwe. Udongo wetu ukishalowa mvua zinazoanza Novemba, hushindiliwa vibaya tangu mashine inapopita mara chache za mwanzo, na unaweza kukaa miaka mingi bila kurudia hali yake.

Chukua nondo yenye ncha, uisukume kwa mkono pembeni ya njia ya trekta, nayo itazama bila taabu. Isukume penye alama ya tairi, itagoma karibu na juu. Mzizi wa mche utakaopandwa hapo utakutana na ugumu huohuo, na maji yakikosa pa kupenya yatafuata mfereji wa tairi, yakichukua udongo wa juu hadi mtoni.

Sasa tupige hesabu. Mashine yenye tani 10 pamoja na mzigo, ikisimama juu ya tairi nne ambazo kila moja inagusa ardhi kwa sentimita 40 kwa 50, hukandamiza kwa kilo 1.25 kila sentimita ya mraba. Ukiweka tairi pana zinazogusa sentimita 60 kwa 50, mkandamizo hushuka hadi kilo 0.83 hivi. Hapo ndipo wengi huridhika, nami nawasihi wasiishie hapo: upana wa tairi na upepo mdogo ndani yake huokoa hasa tabaka la juu, lakini huko chini kinachoumiza ni uzito unaobebwa na kila ekseli, yaani mhimili wa jozi ya magurudumu, nao kwa ekseli mbili bado ni tani 5 kila moja. Ongeza ekseli ya tatu, au punguza mzigo. Ndiyo maana mashine nyingi za kubebea magogo kule Finland na Sweden zina magurudumu manane, na penye tope hufungwa minyororo mipana, huku matawi yaliyokatwa yakitandazwa njiani ili zipite juu yake.

Kwa karakana zetu, hatua iliyo nafuu zaidi ni winchi yenye waya mrefu, ili trekta libaki kwenye njia iliyotengwa na gogo ndilo lifuate. Hakikisha tu waya unapita juu ya upinde unaonyanyua kichwa cha gogo, kwa kuwa gogo linaloburutwa likiwa limelala hulima ardhi kama jembe la plau. Utafute pia namna ya kufungua kufuli la difu (gia inayoyaacha magurudumu ya kushoto na kulia yazunguke kwa kasi tofauti) kabla ya kukata kona, kwani magurudumu yaliyofungwa pamoja hukwangua udongo kila mashine inapogeuka. Tairi zichaguliwe baada ya kupima kila ekseli kwenye mizani, mashine ikiwa na gogo zito kuliko yote itakayovuta.