Funza hawazaliwi na nyama

Dada, umeuliza umweleze vipi mwanao wa miaka 6 funza wa kwenye nyama iliyooza wanatoka wapi. Mpe kisa cha Francesco Redi, daktari wa Italia. Enzi zake hata wasomi waliamini nyama ikioza inageuka yenyewe kuwa funza. Redi akataka aone kwa macho. Alitia nyama kwenye vyombo, vingine akaviacha wazi, vingine akaviziba kabisa. Kwenye vilivyo wazi nzi waliingia na funza wakajaa. Kwenye vilivyozibwa nyama ilioza, ikanuka, lakini funza hakuna.

Sehemu tamu ni hii: ili mtu asidai kilichokosekana ni hewa, alifunika vyombo vingine kwa kitambaa chepesi kinachopitisha hewa. Nzi wakavutwa na harufu, wakatua juu ya kitambaa na kutaga papo hapo! Na funza aliowaweka kando wakageuka nzi. Aliyachapisha hayo mwaka 1668.

Ukifika kwenye kitambaa, nyamaza kidogo. Mwache mtoto akuambie mwenyewe nzi watafanya nini.