Pip imesema pandas imeingia, mbona Python haiioni?

Siku tatu nzima nimeilaani pandas bure, ile maktaba ya Python ya kuchambua data za majedwali. Nilikuwa na faili la eksel la mauzo ya duka la steshenari la dada, nataka kujua mwezi gani linauza zaidi, nikaandika pip install pandas (pip ndo inashusha na kuinstoli maktaba za Python), ikashuka fresh mpaka ikaniandikia Successfully installed, kurun skripti naambiwa No module named 'pandas'. Narudia kuinstoli, inanijibu ishakuwepo. Ipo wapi sasa?

Kumbe laptopu ilikuwa na Python mbili, pip inashusha mzigo nyumba hii mimi napiga hodi nyumba ya jirani. Tangu siku hiyo siandiki pip peke yake, naandika python -m pip install pandas, hapo Python ileile unayorunia ndo inapokea mzigo.

Ila kabla ya hapo tengeneza venv, yaani chumba cha Python kilichojitenga, kila projekti na yake. Ingia kwenye folda, andika python -m venv duka (kwa Ubuntu ni python3; duka ni jina langu tu, weka lako), halafu kwa Windows duka\Scripts\activate, kwa Linux source duka/bin/activate. Ukiona (duka) imetokea mwanzoni mwa mstari ujue uko ndani, na ukifunga terminali ukafungua tena unaactivate upya, hapo ndo wengi tunasahau tunaanza kulia tena. Wa Ubuntu mpya mkikutana na eror ya externally-managed-environment (mfumo unakataa pip iguse Python yake) dawa ni hiyohiyo venv, achana na --break-system-packages, jina lenyewe tu linatisha.

Halafu pandas yenyewe haifungui .xlsx, inataka openpyxl (maktaba ya kusoma faili za eksel), so shusha zote mbili kwa pamoja.

Kuhusu bando, numpy (maktaba ya hesabu ambayo pandas inaitegemea) nayo inakuja humohumo kwa hiyo sio mzigo mdogo. Kama kuna mshkaji ana neti nzuri na OS na toleo la Python kama lako, mwambie apige pip download pandas openpyxl -d mzigo, akupe kwa flashi, we unamalizia na python -m pip install --no-index --find-links mzigo pandas openpyxl, hata MB moja haiendi.

Na faili lako usiliite pandas.py jamani. Nililiita hivyo, import pandas ikawa inaliita faili langu lenyewe badala ya pandas halisi, usiku mzima umeenda.

Jibu lilipatikana, Januari, shule zikifunguliwa. Dada kanicheka, anasema si ungeniuliza tu.