Tomcat inawaka, konsoli safi, brauza inaleta 404: usifute kitu kwanza

Mkuu nimesoma swali lako na majibu yote mpaka chini, naona nusu ya wadau wanakwambia futa Tomcat (seva inayoendesha programu za wavuti za Java) uinstoli upya, na mmoja kashafika kwenye kupiga Windows chini. Usiguse kitu kwanza. Kwa ulivyoeleza, mradi wako ulikuwa unakimbia vizuri kwenye laptop ya zamani yenye Tomcat 9, umehamia mashine mpya ukashusha Eclipse mpya (programu ya kuandikia kodi) na Tomcat 10, konsoli inasema seva imewaka, hamna kosa hata mstari mmoja, halafu ukifungua servlet yako (klasi ya Java inayojibu maombi ya brauza) brauza inakupa 404, yaani ukurasa haujapatikana, na hata ukiandika localhost:8080 peke yake yule paka wa ukurasa wa mwanzo wa Tomcat haonekani. Hali hiyo naijua sana, mimi mkate wangu ni Java, mifumo ya SACCOS na ya zahanati, na vijana wanaokuja kujifunza kazini karibu wote wanapita hapo hapo.

Shida hapo ni kwamba hizi zana zina tabia ya kukuonyesha kitu kimoja huku zinaendesha kingine. We unaangalia folda ya Tomcat uliyoiweka kwenye C, unabadilisha server.xml humo, unatupia war (faili la mradi uliofungashwa) kwenye webapps, unaristati, hamna kinachobadilika, unaanza kuamini una mkosi. Kumbe Eclipse haiendeshi humo kabisa, ni sawa na kutengeneza pikipiki ya jirani ukategemea ya kwako iwake. Yenyewe inachukua mafaili ya mipangilio, inayakopi kwenye workspace yako, ndani ya .metadata, halafu .plugins, halafu org.eclipse.wst.server.core, halafu tmp0, na miradi inaidiploi kwenye wtpwebapps iliyomo humo humo. Ndo maana paka haonekani, ule ukurasa wake uko kwenye webapps ya Tomcat yenyewe na Eclipse haijaupeleka kwenye hiyo tmp0. Kwahiyo 404 ya localhost:8080 ukiwa ndani ya Eclipse siyo ugonjwa, achana nayo. Kama inakukera, simamisha seva, ondoa mradi kwenye seva, piga Clean, kisha bofya seva mara mbili pale kwenye kichupo cha Servers, nenda Server Locations uchague Use Tomcat installation, na Deploy path uandike webapps badala ya wtpwebapps, seivu. Watu wengi wanaona sehemu hiyo imefifia haibofyeki, ni kwa sababu hawajaondoa mradi na kupiga Clean kwanza.

Sasa njoo kwenye 404 ya servlet yako, hiyo ndo ya kweli. Ukiwasha Tomcat, mistari ya mwanzo kabisa ambayo kila mtu anairuka inaandika vesheni ya Tomcat, CATALINA_BASE (folda ambayo Tomcat inaendeshwa humo), Java Home na vesheni ya JVM (injini ya Java inayoendesha kodi). Soma hiyo. (Na hayo maandishi mekundu kwenye konsoli ya Eclipse yasikutishe, Tomcat inapitisha taarifa zake za kawaida kwenye mkondo wa makosa na Eclipse inazipaka nyekundu zote, uangalie neno SEVERE siyo rangi.) Kwako mstari wa kwanza utasema Tomcat 10, na kodi yako bila shaka juu ina import ya javax.servlet. Hapo ndo kwenye mzizi.

Historia yake kwa ufupi, Oracle walitangaza mwaka 2017 kwamba wanaiachia Java EE (sehemu ya Java ya kujengea mifumo ya seva, servlet zikiwemo) kwa Eclipse Foundation, lakini jina la Java na ile pakeji ya javax vikabaki na masharti, mazungumzo yakashindikana, ikabidi jina libadilike kuwa Jakarta EE na kwenye toleo la 9, Desemba 2020, pakeji zote zikahamishwa kutoka javax kwenda jakarta. Tomcat 9 ipo upande wa javax. Tomcat 10 kwenda mbele ipo upande wa jakarta. Kodi ya upande mmoja haikimbii upande mwingine kama ilivyo. Ukiweka @WebServlet (alama ya kutangaza servlet ndani ya kodi) ya javax kwenye Tomcat 10, Tomcat inazunguka kutafuta @WebServlet ya jakarta, haioni, inaendelea na maisha yake. Hailalamiki kwa sababu kwa macho yake huna servlet yoyote, unapata 404 safi kabisa bila kosa lolote kwenye logi, na hapo ndo watu wanafuta kila kitu. Ungekuwa umeitangaza servlet kwenye web.xml (faili la mipangilio ya mradi) ungekuwa na bahati zaidi, maana ingejaribu kuipakia ikashindwa ikakupigia kelele ya NoClassDefFoundError javax/servlet/http/HttpServlet na ungejua pa kuanzia.

Ushauri wangu kwako wewe, kama mradi ni wa chuo au wa mteja na una tarehe ya kukabidhi, rudi Tomcat 9, shusha zip, hata usiinstoli, iongeze kwenye Eclipse kama seva mpya, imeisha hiyo. Kuhama kwenda jakarta ni kazi ya kupangia muda. Na ukihama usije ukafanya ile ya kutafuta neno javax na kubadilisha lote kuwa jakarta mradi mzima kwa mpigo mmoja, maana javax.sql, javax.naming, javax.crypto, javax.swing ni za Java yenyewe na hazijahama, utaharibu vilivyokuwa vinafanya kazi. Halafu kuna laibrari zako, commons-fileupload ya 1 kwa mfano imeshikilia javax.servlet ndani yake, hata kodi yako uisafishe vipi hiyo itakuangusha mtu akipandisha picha. Kama una war tu na kodi huna (inatokea, mtu kaondoka na kodi), tengeneza folda inaitwa webapps-javaee pembeni ya webapps, tupia war humo, Tomcat 10 itaibadilisha yenyewe na kuiweka kwenye webapps. Nimeitumia kwa mfumo wa zamani wa mteja na ilikubali, ila siyo kitu cha kutegemea kwa miaka.

Aliyeuliza huko chini kuhusu UnsupportedClassVersionError, ni mambo yale yale ya kuangalia kitu kingine. Namba zinazotokea hapo zina maana, 52 ni Java 8, 55 ni 11, 61 ni 17, 65 ni 21. Ikisema klasi ni 61 na inayotambulika mwisho 55 maana yake umekompaili na 17 halafu Tomcat inaendeshwa na 11. Utasema mbona nikiandika java -version naona 17. Ndiyo, terminali yako inaona 17. Skripti za Tomcat zinaangalia JRE_HOME kwanza kabla ya JAVA_HOME (vigezo vya mfumo vinavyoonyesha Java iko wapi), kwahiyo kama kuna programu iliwahi kukuwekea JRE_HOME ya zamani, utabadilisha JAVA_HOME mpaka kesho. Na kama Tomcat umeiweka kama huduma ya Windows, hiyo haisomi hata kimoja kati ya hivyo viwili, inasoma kilichoandikwa kwenye tomcat9w.exe, kichupo cha Java, fungua uone mwenyewe.

Kitu kingine ambacho naona watu wanabandika hapa kila wiki ni ule ujumbe wa "One or more listeners failed to start. Full details will be found in the appropriate container log file". Wanabandika huo mstari na kuomba msaada, na mstari wenyewe umeshakwambia ukaangalie faili lingine! Ni lile linaloanza na localhost kisha tarehe, kwenye folda ya logs, siyo catalina. Fungua hilo, shuka mpaka Caused by ya mwisho kabisa, ya juu zote ni za kuzungushana tu, ya chini ndo ina jina la kitu kilichokufa. Ukiwa ndani ya Eclipse yanatoka kwenye konsoli moja yote kwahiyo we shuka tu.

Porti 8080 kushikiliwa sielezi sana, imejadiliwa mno. netstat -ano kwenye Windows, ss -ltnp kwenye Linux, ona namba ya mchakato, mara nyingi ni Tomcat yako mwenyewe iliyobaki hai baada ya Eclipse kufungwa vibaya, au Oracle XE ya zamani ambayo nayo inapenda 8080.

Ila kuna moja inatuhusu sisi wa huku na majibu yake ya mtandaoni yanatuumiza, ni ile ya saa ya MySQL. Ukitumia Connector/J (draiva ya kuunganisha Java na databezi ya MySQL) 8 za mwanzo mwanzo, kabla ya 8.0.23, inauliza seva ya MySQL upo ukanda gani wa saa, seva kwenye Linux inajibu EAT, na draiva inasema haitambui jina hilo inagoma kuunganisha. Unagoogle, jibu la kwanza lenye kura nyingi linasema weka serverTimezone=UTC kwenye URL ya kuunganisha databezi. Unaweka, inaunganisha, unafurahi. Sasa nilikuta mfumo wa SACCOS moja umefanyiwa hivyo na aliyenitangulia. Muamala wa saa saba na nusu usiku wa tarehe mosi, mwanachama kalipa rejesho kwa simu, Java inaugeuza kwenda UTC kabla ya kuandika, kwenye jedwali unakaa saa nne na nusu usiku ya tarehe ya mwisho ya mwezi uliopita. Ukiufungua kupitia mfumo unarudi saa saba na nusu, sawa kabisa, kwahiyo hakuna anayeona. Mhasibu akitoa ripoti ya mwisho wa mwezi kwa SQL moja kwa moja, rejesho liko mwezi mwingine na hesabu hazikai. Na zile kolamu zinazojazwa na NOW() ya MySQL ziko kwenye saa ya kweli, kwahiyo safu moja ina saa mbili zinazopishana kwa masaa matatu. Yule mhasibu alikuwa ameshaanza kumshuku karani.

Weka serverTimezone=Africa/Dar_es_Salaam, au Africa/Nairobi, saa ni ile ile. Kama data ilishaandikwa kwa UTC usibadilishe kabla hujazisogeza safu za zamani, la sivyo utazifanya za zamani zisomeke vibaya na mpya vizuri. Na kama unaiweka URL hiyo kwenye context.xml (faili la mipangilio ya Tomcat), alama ya & inayotenganisha vipengele lazima uiandike & kwa sababu lile ni faili la XML, vinginevyo Tomcat itakwambia kuna entity haijafungwa na utadhani ni kosa la databezi.

Maven (zana ya kushusha laibrari na kujenga mradi) na bando nayo niiseme haraka. Bando likikata katikati ya kushusha dependensi, Maven inaandika kumbukumbu kwamba kitu hicho hakikupatikana, faili lenye mwisho wa .lastUpdated ndani ya .m2 (folda ambayo Maven inahifadhi laibrari), na ukiunga bando jipya haijaribu tena, inakwambia tu jaribio lililopita lilishindwa. Piga mvn -U. Ikiwa mbaya zaidi jar imeshuka nusu, utaona "invalid LOC header" au "error in opening zip file" wakati wa kukompaili au Tomcat inapowaka, na hapo -U haisaidii kwa sababu faili lipo, lina jina sahihi, ila limekatika. Logi inataja jar gani, nenda kwenye .m2 ufute folda ya hiyo jar tu. Usifute repozitori nzima, utalipa tena kila kitu. Siku una Wi-Fi ya mtu piga mvn dependency:go-offline, halafu ukiwa nyumbani fanya kazi na mvn -o.

Kwa yule wa VPS (mashine ya kukodi mtandaoni) ambaye Tomcat inakufa usiku bila kuandika chochote, logi imekatika tu, basi hiyo haijajizima, imeuawa. Piga dmesg utafute neno oom. Kwenye mashine ya GB 1 yenye MySQL na Tomcat pamoja, kerneli ikiishiwa memori inachagua mchakato mnene na kuukata, na mnene ni Java. Haina nafasi ya kuandika buriani kwenye logi. Weka Xmx (kikomo cha memori ya Java) ya kueleweka kwenye setenv.sh, ongeza swap (nafasi ya diski inayosaidia memori), au lipia mashine kubwa kidogo.

Mkuu kama Tomcat 9 nayo ikigoma, rudi hapa ubandike ile mistari ya mwanzo ya logi yenye vesheni na CATALINA_BASE, pamoja na Caused by ya mwisho kama ipo, na pom.xml yako (faili la mipangilio ya Maven). Picha ya skrini iliyopigwa kwa simu kwa pembeni hatusomi. Na kabla ya kubandika context.xml toa nenosiri la databezi, wiki hii tu kuna mtu kaacha la mteja wake humu na modi ndo kaja kulifuta.